Digrii moja kando: kisa cha programu ya nyota iliyokuwa ikiishi kabla ya 1883

Malalamiko yalikuwa ya mistari minne tu. Mtumiaji wetu mmoja wa New York, mwenye darubini iliyofungwa kwenye nguzo ya zege nyuma ya nyumba yake, aliandika kwamba kila anapoiagiza programu impeleke kwenye nyota, darubini inasimama digrii moja mashariki mwa nyota yenyewe. Si leo digrii moja na kesho mbili. Moja, kila jioni, nyota yoyote atakayoichagua. Alikuwa ameshazoea: anaisogeza kwa mkono mpaka nyota ya kwanza iingie katikati, anaiambia programu kwamba hapo ndipo, na usiku uliobaki unakwenda bila shida. Aliishi hivyo tangu Novemba. Kilichomfanya aandike mwezi Januari 2022 si usumbufu wa kusogeza, ni ule ukaidi wa namba: mbona haiongezeki wala haipungui?

Digrii moja angani ni upana wa Mwezi mara mbili. Kwa macho matupu ni kitu kidogo. Kwa darubini inayoonyesha nusu digrii tu kwa mara moja, ni kukosa kabisa.

Mimi ni mmoja wa watu wachache wanaoitunza programu hiyo kwa kujitolea. Imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, si kubwa, na sehemu yake ya hesabu za anga tulikuwa tunaionea fahari. Ndiyo maana tulianza kulitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye saa, kitu ambacho kila mtu anadhani anakijua. (Saa zote humu ni za mfumo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, ukizihesabu kuanzia alfajiri, kisa chote kitavurugika.)

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mhimili wa Dunia. Orodha za nyota hutoa mahali pa nyota kama palivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2000, na tangu hapo mhimili umeendelea kuyumba polepole kama pia ya kuchezea inayotaka kuanguka, kiasi cha sekunde 50 za pembe kwa mwaka (digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe). Ukisahau kurekebisha, kufikia 2022 unakuwa nje kwa dakika 18 za pembe hivi. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo haitoshi. Mshukiwa wa pili alikuwa hewa, ambayo hupinda mwanga na kuinua nyota. Lakini hewa huinua dakika 34 hivi kwenye upeo wa macho na haiinui kitu utosini, ilhali kosa letu lilikuwa lilelile chini na juu.

Hapo mwenzangu akatoa dawa ya haraka. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo digrii moja ni dakika nne; tuongeze dakika nne kwenye saa, tukalale. Nilikaribia kukubali, maana usiku ulikuwa umekwenda na kiraka hicho kingefanya kazi kweli. Kingefanya kazi mpaka Machi, kisha kingetuaibisha.

Badala yake tulimwomba mtumiaji atupimie nyota tatu: Betelgeuse, iliyo karibu na ikweta ya anga (ikweta ya Dunia ikichorwa angani), Capella, digrii 46 kaskazini mwa ikweta hiyo, na Polaris, iliyo chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha ya kaskazini ya anga. Asisome namba za mtambo, atazame kwa jicho nyota iko umbali gani kutoka katikati. Majibu yakaja: Betelgeuse digrii nzima, Capella kama sehemu saba za kumi za digrii, Polaris ipo mahali pake.

Majibu hayo yaliwaachia huru washukiwa wote wawili. Kosa linalokuwa kubwa kwenye ikweta na kufifia kwenye ncha ni kosa linalozunguka, na linazunguka mhimili wa Dunia. Maana yake programu inajua nyota ziko wapi, inajua darubini imeelekea wapi, ila haijui Dunia imegeuka kiasi gani. Hilo hutokana na vitu viwili tu: longitudo au wakati.

Longitudo ilikwisha kwa dakika tano. Kukosea digrii moja ya longitudo katika latitudo ya New York ni kujiweka kilomita 84 mbali na nyumbani, na alichokuwa ameandika, 74 magharibi, kilikuwa sahihi. Alama nayo ilikuwa sahihi. Baadhi ya vitabu vya zamani huandika magharibi kuwa chanya na programu nyingi za leo huiandika hasi, lakini alama ikigeuzwa New York kosa ni digrii 148, si moja.

Tarehe ilitutesa zaidi kwa sababu ilifanana mno na ukweli. Tarehe 15 Januari saa 20:00 kwa New York ni tarehe 16 Januari saa 01:00 kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa. Programu ikibadilisha saa na kusahau kugeuza ukurasa wa kalenda, inabaki siku moja nyuma. Na siku moja nyuma haiharibu anga kama mtu anavyotarajia. Nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo ukikosea siku nzima unazikosa kwa dakika nne kasoro sekunde chache: dakika 59 za pembe, tena upande uleule wa mashariki. Kwa mtu aliye gizani na darubini yake, dakika 59 na dakika 60 ni kitu kimoja.

Nyota haziwezi kuyatenganisha makosa hayo mawili, la tarehe na la saa. Mwezi unaweza. Kwa wastani husogea digrii 13 kwa siku kati ya nyota, na jioni ya tarehe 15 ulikuwa juu, siku mbili kabla ya kuwa mpevu. Kama tarehe ndiyo mbovu, programu ingeuweka mbali kabisa na ulipo. Akajaribu. Mwezi nao ulikuwa digrii moja kando, sawa na nyota, na tarehe ikatoka kwenye orodha. Siku hizi mtu akituletea kosa la digrii moja, swali letu la kwanza ni Mwezi uko wapi.

Ikabaki saa. Nikafungua barua zake za zamani na kukuta moja ya Julai 2021 ambayo tuliijibu kwa kiburi. Alisema programu iko nje karibu saa nzima, darubini inakwenda digrii 14 magharibi mwa nyota. Tulimwambia akague mpangilio wake wa saa ya majira ya joto, tukafunga suala. Sasa niliisoma kwa jicho jingine. Digrii 14 ni dakika 56. Wakati wa baridi programu inachelewa dakika 4. Wakati wa joto inatangulia dakika 56. Jumla yake 60. New York husogeza saa zake mbele dakika 60 kila Machi na kuzirudisha Novemba, na programu yetu haikuwa ikisogeza chochote. Ilikuwa imeng'ang'ania tofauti moja na UTC mwaka mzima, na tofauti hiyo haikuwa saa 5 za baridi wala saa 4 za joto. Ilikuwa saa 4 na dakika 56.

Nani anaishi kwa saa 4 na dakika 56? Nikazidisha kwa 15, kama mtu afanyavyo kwa mazoea akipewa saa na kutaka digrii. Nikapata 74. Longitudo ya New York yenyewe!

Hiyo ni saa ya jua la mji wenyewe, saa iliyotumika kila mji ulipokuwa na adhuhuri yake. New York iliiacha tarehe 18 Novemba 1883, siku ambayo makampuni ya reli ya Marekani na Kanada yalianza kutumia kanda za saa. Programu yetu ilikuwa ikimhudumia mtu wa 2022 kana kwamba treni hazijaanza kusumbuka na ratiba.

Mstari wenyewe wa msimbo ulikuwa huu:

datetime(2022, 1, 15, 20, 0, tzinfo=pytz.timezone("America/New_York"))

Ukiuchapisha matokeo yake unapata 2022-01-15 20:00:00-04:56. Namba ilikuwa hapo mwishoni muda wote, wazi kabisa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuichapisha.

Kosa halikuwa la pytz, maktaba ya Python inayoshughulikia kanda za saa. Jina kama America/New_York si namba, ni historia. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, huweka kwa kila eneo orodha ya mabadiliko ya saa yake, na mara nyingi mstari wa kwanza wa orodha ni saa ya jua ya mji. Ili kujua mstari upi utumike, lazima tarehe iulizwe. Kwa pytz unafanya hivyo kwa kupitisha tarehe kwenye funksheni yake ya localize. Ukiuchomeka ukanda moja kwa moja kama tulivyofanya, hakuna anayeuliza tarehe, unapewa mstari wa kwanza. Maelezo ya maktaba yanaonya jambo hili waziwazi. Hatukuyasoma. Moduli ya zoneinfo, iliyoingia Python toleo la 3.9, haina mtego huo.

Kwa nini hitilafu iliishi muda mrefu? Kwanza, majaribio yetu yote yaliandikwa kwa UTC, na UTC haina jua la mji. Pili, ramani ya anga inayoonekana kwenye skrini ilisoma saa ya kompyuta moja kwa moja, haikupita njia hii. Aliyeumia ni yule tu aliyeandika saa kwa mkono kupanga kazi ya usiku. Tatu, London. Wengi wa waliotusaidia kujaribu walikuwa huko, na jua la London liko nyuma ya UTC kwa dakika moja na robo tu, ambayo pytz huikadiria kuwa dakika moja kamili. Wakati wa baridi hiyo ni robo digrii, nusu ya Mwezi, kitu ambacho mtu hulaumu nguzo yake. Wakati wa joto walikosa saa nzima na kidogo, wakadhani wao ndio waliosahau kubonyeza mahali fulani. Nasi tuliwaunga mkono katika dhana hiyo.

Kurekebisha mstari mmoja kulichukua dakika mbili. Mimi nikataka zaidi: saa ya ukutani iingie mlangoni ikiwa na jina la ukanda wake, ibadilishwe mara moja tu, na ndani ya programu isionekane tena. Ndani kuwe na hesabu moja ya siku zinazofuatana, Tarehe ya Julian, ambayo wanafalaki huitumia kwa sababu haina miezi, haina miaka mirefu na haina kanda. Jioni ile ya New York inakuwa 2459595.54167, basi. Ina miiba yake. Siku yake huanza adhuhuri, si usiku wa manane, kwa hiyo anayesahau tofauti hiyo ya nusu siku anageuza anga digrii 180. Na namba ni kubwa: ukiihifadhi kwa desimali ya biti 32, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni robo ya siku, yaani saa sita. Kwa biti 64 hatua ni kama mikrosekunde 40, na hiyo inatutosha.

Kisha nikaharibu. Katika ile shauku ya kuwa na hesabu moja, nilichagua TT, wakati sare unaotumiwa kukokotoa mienendo ya Mwezi na sayari, na nikaupeleka kila mahali. Tukatoa toleo jipya. Mtu wetu akajibu kesho yake: kosa la digrii moja limekwisha, sasa darubini inasimama kama dakika 17 za pembe magharibi mwa nyota.

Safari hii hatukumtuma apime chochote. Dakika 17 na ushee za pembe, gawanya kwa 15, unapata dakika moja ya saa na sekunde 9 hivi, yaani sekunde 69 na kitu. Namba hiyo anayefanya kazi hii anaijua kama namba yake ya simu. TT iko mbele ya saa ya atomiki ya kimataifa kwa sekunde 32.184, nayo saa ya atomiki iko mbele ya UTC kwa sekunde 37 tangu 1 Januari 2017, ilipoongezwa sekunde ya nyongeza ya mwisho kufikia wakati huo. Jumla ni 69.184. Nilikuwa nimeipa hesabu ya mzunguko wa Dunia saa isiyojua lolote kuhusu mzunguko wa Dunia. Sayari zinataka TT. Kugeuka kwa Dunia kunataka UT1, saa inayofuata Dunia yenyewe na uvivu wake wote. Kosa la sekunde 69 kwenye Mwezi ni nusu dakika ya pembe na ushee, hakuna atakayeliona. Kosa hilohilo kwenye mzunguko wa Dunia ni nusu ya Mwezi na zaidi.

Nilichojifunza hapo nakitumia mpaka leo: kabla ya kugusa msimbo, geuza pembe iwe sekunde. Makosa ya wakati yana alama za vidole. Sekunde 69 ni TT iliyovaa nguo za UTC. Sekunde 18, yaani dakika 4 na nusu za pembe, ni saa ya GPS iliyosomwa moja kwa moja. Saa nzima ni majira ya joto. Namba isiyo ya kawaida kama 56 ni historia ya mji fulani.

Sasa funksheni zetu hazipokei namba tupu. Wakati unakuja na jina la kipimo chake, na ile inayokokotoa saa ya nyota, yaani Dunia imegeuka kiasi gani, hukataa TT kwa ujumbe wa kosa. UT1 tumeiacha iwe sawa na UTC, kwa makusudi. UTC imekuwa ikichungwa isitofautiane na UT1 kwa zaidi ya sekunde 0.9, ambayo ni sekunde 13 na nusu za pembe, na kwa darubini ya nyuma ya nyumba hiyo si kitu. Lakini mwaka huohuo wa 2022, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba kikomo hicho kipanuliwe kufikia 2035 au kabla. Kikishapanuliwa, uvivu wetu utaanza kuonekana polepole, kwa hiyo nafasi ya kusomea tofauti halisi ipo tayari kwenye msimbo, ikisubiri.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote haikuwa msimbo, ilikuwa rekodi za nyuma. Watumiaji walikuwa wamehifadhi matazamio yao, nasi tulikuwa tumeyaandika kwa UTC mbovu bila kuweka kile walichokiandika wao. Nyingi zilirudishika, kwa kuwa tulijua hitilafu kwa kila ukanda: rudisha saa 4 na dakika 56, unapata saa ya ukutani, kisha ibadilishe upya. Zilizotushinda ni za usiku wa 7 Novemba 2021, saa ziliporudishwa nyuma. Usiku huo saa 01:30 ilitokea New York mara mbili, kwanza 05:30 kwa UTC, kisha 06:30. Picha zilizofuatana tuliweza kuzipanga kwa mfuatano wa namba za faili. Rekodi mbili zilikuwa peke yake, bila picha kabla wala baada. Tumeziwekea alama kwamba saa yake haijulikani, na zitabaki hivyo. Tangu hapo tunahifadhi vitu vitatu: UTC, jina la ukanda, na maandishi ya mtumiaji kama alivyoyaandika.

Mtu wa London alikuja juu. Alikuwa ameingiza daftari la Januari 1970, na baada ya marekebisho rekodi zake ziliruka saa nzima. Akasema tumeharibu, kwani nani asiyejua kwamba London wakati wa baridi iko sawa na UTC? Mwaka huo haikuwa. Kuanzia 27 Oktoba 1968 hadi 31 Oktoba 1971 Uingereza ilibaki saa moja mbele mwaka mzima, baridi na joto. Safari hiyo hifadhidata ilijua zaidi kuliko mwenye daftari.

Kuna uamuzi mmoja ambao bado tunaubishania: mipango ya siku zijazo. Mwezi Machi 2022 Seneti ya Marekani ilipitisha muswada wa kubaki na saa ya majira ya joto moja kwa moja. Haukuwa sheria, lakini ulituamsha. Kama mtumiaji alikuwa amepanga mapema kutazama kupatwa kwa Jua kwa 8 Aprili 2024, kivuli cha Mwezi hakikungojea Seneti. Wakati wa namna hiyo unahifadhiwa kwa UTC, na saa ya ukutani ikokotolewe siku yenyewe. Lakini kama amepanga kutoka nje saa 20:00 baada ya kula, yeye anafuata ukuta wake, kwa hiyo tunahifadhi 20:00 na jina la ukanda, na UTC ndiyo ikokotolewe baadaye. Mwenzangu anaona njia mbili ni mzigo. Mimi naona ni maswali mawili tofauti yanayofanana sura.

Majaribio sasa hukimbia kwa New York ya Januari na ya Julai, kwa Kathmandu yenye saa 5 na dakika 45, na kwa 13 Machi 2022 saa 02:30, saa ambayo New York haikuwahi kuwepo. Programu inatakiwa kuikataa. Mtu wetu alijaribu toleo la mwisho usiku wenye baridi kali na kutuandikia tena, mistari miwili safari hii. Darubini inakosea dakika tatu za pembe, na hizo, alisema mwenyewe, ni za nguzo yake.